Barua ya wazi kwa walimu: mtoto asiyesumbua naye atazamwe

Walimu wenzangu, na hasa ninyi wakuu wa shule,

Nawasalimu kwa heshima. Chaki nimekwisha kuiweka chini, na mengi ya haya ninayowaandikia ni mambo niliyochelewa kuyajua.

Nianze na kosa langu. Kwa miaka mingi nilisoma matokeo ya mtihani mbele ya darasa, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, nikiamini kwamba aibu humwongezea mtoto bidii. Palikuwa na msichana ambaye kila siku ya matokeo aliinamia dawati huku ameshika tumbo. Nilimruhusu kwenda kutibiwa mara kadhaa, na kila mara alirudi na jibu kwamba hakuonekana na ugonjwa, hata nikamwita mdanganyifu mbele ya wenzake. Sikujua kwamba hofu na huzuni ya mtoto mara nyingi hujitokeza mwilini, kwa tumbo kuuma, kichwa kugonga au usingizi kupotea, kwa kuwa bado hajapata maneno ya kulitaja linalomsibu. Tumbo lile lilikuwa likiuma kweli.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana mmoja kati ya saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 anaishi na tatizo la afya ya akili. Katika darasa la wanafunzi 40, hao ni watano au sita, nao wamekaa mbele yenu asubuhi hii. Wanaopiga kelele na kupigana tunawaona upesi, ingawa mara nyingi tunawaona ili tuwaadhibu. Ninaowahofia zaidi ni wale wasiosumbua mtu: aliyekuwa akinyoosha mkono na sasa hanyooshi, aliyeacha kucheza na wenzake, ambaye mwandiko wake umeharibika ghafla, au anayekosa shule siku ile ile ya kila wiki. Mtoto mpole kwa maumbile si mgonjwa, na tusimbandike jina hilo. Ishara iko katika mabadiliko, na mabadiliko huonwa na mtu aliyemfahamu mtoto hapo awali. Kwa sababu hiyo naomba kila mwanafunzi awe na mwalimu mmoja anayemjua vyema, na kila anayeita mahudhurio ainue macho kutoka kwenye daftari kabla ya kuweka alama.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Sisi tulikuwa tukiusoma msemo huo kama lawama kwa anayeficha, bila kujiuliza ni nani aliyemfundisha kuficha. Mvulana akilia akaambiwa ajikaze, na msichana akieleza hofu yake akachekwa, wote wawili wamekwisha kupata somo lao.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba kazi ya ushauri nasaha asipewe mwalimu wa nidhamu, hata kama ndiye mwenye nafasi kwenye ratiba. Mtoto hawezi kumfungulia moyo jioni mtu aliyemwadhibu asubuhi. Atakayepewa kazi hiyo apatiwe mafunzo, muda na chumba ambacho mlango wake hautazamwi na shule nzima. Amweleze mwanafunzi tangu mwanzo kwamba siri yake itatunzwa, isipokuwa pale maisha yake au ya mwingine yatakapokuwa hatarini. Siri moja ikisimuliwa katika ofisi ya walimu kwa kicheko, chumba hicho hakitapata mgeni tena.

Wengi wetu huogopa kulitamka neno kujiua mbele ya mwanafunzi, tukidhani kuuliza ni kumpandia wazo. Tafiti hazikuonyesha hivyo; anayeulizwa kwa upole mara nyingi hupata nafuu ya kuusema mzigo aliokuwa akiubeba peke yake. Akikiri, asiachwe peke yake hata kidogo, na mzazi au mlezi pamoja na mtaalamu wa afya waitwe siku hiyo hiyo, na ikiwa nyumbani ndiko kunakomtisha, atafutwe mtu mzima mwingine anayemwamini. Mwalimu si daktari, naye asijifanye daktari. Shule iwe imeandika mapema ni nani ataitwa na atapatikanaje, kwa maana saa ya msiba si saa ya kutafuta namba za simu.

Kuhusu kuzilea hisia zenyewe, hatuhitaji somo jipya. Lugha yetu inatenganisha huzuni na simanzi, haya na aibu, hasira na kinyongo, na inalo neno fadhaa kwa yule asiyejua hata aanzie wapi. (Niliyafundisha maneno haya kama msamiati wa mtihani tu, na sasa najuta.) Mwalimu wa Kiswahili anaweza kuwaambia wanafunzi waandike insha juu ya siku waliyoona kinyongo na namna kilivyowatoka, kwa kuwa mtoto anayeweza kulitaja linalomuuma ana njia nyingine kabla ya ngumi.

Usingizi nautaja kwa ufupi: vijana wa umri wa sekondari huhitaji saa 8 hadi 10 kwa usiku, na ratiba inayowanyima saa hizo huzalisha hasira na kusahau ambavyo baadaye tunaviadhibu. Nidhamu, nayo, Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unataka katika kifungu cha 28 isimamiwe kwa namna inayolingana na utu wa mtoto. Na ninyi wakuu, mwalimu mliyemkaripia mbele ya wanafunzi hatakuwa na upole wa kuwagawia.

Mengine yatahitaji fedha na mafunzo, nami najua hayatakamilika muhula huu. Lakini mtihani ujao ukisahihishwa, ile orodha isisomwe. Mpeni kila mtoto karatasi yake mkononi, ikiwa imekunjwa.

Wenu,
Mwalimu mstaafu