Dubu la Baraka lingoje Januari

Kiboriloni, Moshi
Juni

Mama Baraka, mwanangu,

Hujambo mama? Sisi huku hatujambo, ila mama yako goti linamsumbua kwa hii baridi. Picha uliyoturushia imetufurahisha sana, ameshaionyesha hadi kwa wauza nyanya. Kijana kanenepa. Mimi niliikuza nikaitazama vizuri, nikaliona lile dubu alilokuja nalo wifi yako kwenye ubatizo limelazwa ubavuni mwake. Halafu nikasoma swali lako: umesharudi kazini, je, miezi mitano inatosha alale nalo apate kitu cha kumliwaza?

Haitoshi, mama. Angoje atimize mwaka.

Usidhani nimelitoa kichwani. Alikuja mteja hapa dukani, daktari wa watoto, anataka nimshonee mwanawe mfuko wa kulalia. Nikamuuliza mbona asinunue blanketi kama watu wengine. Akavuta kigoda akanieleza huku nakata kitambaa. Mtoto mdogo akilala uso umeegemea kitu laini, pumzi anayoitoa haiendi mbali. Inabaki humohumo kwenye manyoya, naye anaivuta tena na tena, oksijeni inazidi kupungua. Mimi na wewe tungeshtuka tukageuza kichwa. Mtoto kichwa chake ni kizito, shingo bado changa, na wengine hata huo uwezo wa kushtuka usingizini haujakomaa. Hakuna kilio wala purukushani. Ndiyo maana utasikia watu wanasema mtoto alilala salama, hakuamka, kisha wanaanza kutafuta mchawi.

Vifo hivi vya ghafla hutokea zaidi kati ya mwezi wa pili na wa nne. Najua utaniambia Baraka ameshapita hapo. Lakini mtoto wa umri wake ndiyo kwanza anajifunza kujigeuza, na kujinasua alikokwama bado hajui. Anabiringika hadi kwenye dubu, uso unazama pale. Kwa hiyo madaktari wa watoto wa Marekani wanasema mwaka mzima wa kwanza mahali anapolala kusiwe na mdoli, mto wala blanketi la kujifunika. Godoro liwe gumu kidogo, shuka limebanwa vizuri, na chandarua ukichomeke chini ya godoro kisining'inie usoni.

Na umlaze chali. Shangazi yako atakuja kukuambia umlaze kifudifudi asije akapaliwa na maziwa. Mwitikie kwa heshima, akiondoka mgeuze. Akiwa chali, njia ya hewa iko juu ya njia ya chakula, kwa hiyo maziwa yakirudi hayaingii kirahisi kwenye pumzi. Marekani walianza kampeni ya kuwalaza watoto chali mwaka 1994, na vifo hivyo vikashuka kwa zaidi ya nusu katika miaka iliyofuata. Baraka akijigeuza mwenyewe usiku, usikeshe ukimrudisha. Pahali pakiwa peupe inatosha.

Sasa hiyo baridi ya huko kwenu Sakina, Arusha. Ndiyo inayowafanya watu wamfunike mtoto mpaka haonekani. Mvalishe nguo zake za kutosha, juu yake mfuko niliomshonea: una matundu ya mikono, shingo imekaa sawasawa kichwa kisitumbukie ndani, na chini ni mpana arushe miguu atakavyo. Kofia mvue akilala ndani. Ukitaka kujua kama anasikia baridi, mguse kifuani au shingoni kwa nyuma, usiangalie vidole, maana vidole vya mtoto hupoa hata akiwa na joto la kutosha. Akiwa na jasho kisogoni, mpunguzie nguo. Na jiko la mkaa lisiingie chumbani hata kama makaa yamefifia. Gesi yake haina harufu, inaua watu wazima seuze mtoto.

Najua usiku analala katikati yenu, wala usinifiche, sisi sote tumelea hivyo. Afadhali awe na kitanda chake, kiwe chumbani kwenu. Siku akilala nanyi, mito yenu na blanketi zito vikae mbali naye, na asiwe katikati. Baba Baraka akitoka harusini bia zimempanda, hiyo siku alale sebuleni peke yake. Kwenye kochi wewe usisinzie umembeba kabisa, huko ni hatari kuliko kitandani.

Haya yote mwambie na dada wa kazi, umwonyeshe kwa mikono, kwa sababu mchana yeye ndiye anayemlaza. Wewe ukiwa kazini yeye ndiye ataona mtoto analia, aone dubu liko karibu, aliweke tu.

Dubu lenyewe nililikagua siku ileile ya ubatizo, unanijua mimi na mishono. Macho ni plastiki iliyogandishwa kwa gundi, nilipolikwangua la kushoto kwa ukucha likacheza. Mgongoni wamepitisha mshono mmoja wa haraka, ndani wamejaza chenga za sponji. Mtoto mwenye meno mawili anaufungua. Usimwambie wifi yako, amelinunua kwa moyo mweupe na kwa bei. Mimi nitayatoa macho nimtarizie mengine kwa uzi, na mgongo niurudie. Kwa sasa liweke juu ya kabati alione, na nikishalirekebisha, mchana mumteremshie achezee kwenye mkeka mtu akiwa anamwangalia.

Akitimiza mwaka, mimi mwenyewe nitamshonea kimdoli kidogo chepesi, kisicho na vifungo, utepe wala shanga. Nitumie kipande cha khanga yako uliyokwisha kuivaa, kiwe na harufu yako. Nitashona viwili vinavyofanana, kimoja kikiwa kwenye kamba kingine kipo mkononi, la sivyo siku ya kufua hamtalala. Mto wa kichwa hata hapo hauhitaji, angoje miaka miwili hivi.

Wateja siku hizi wananiletea picha za vile vimito vya kuzungushia kitanda cha mtoto pande zote. Vinapendeza, na vina pesa nzuri. Ila sivishoni. Marekani sheria ya mwaka 2022 imepiga marufuku hata kuviuza, kwa hatari ileile niliyokueleza. Jirani yangu hapa anavishona, akaniambia nachezea riziki. Sawa.

Mzigo wako nimempa konda wa Coaster ya Jumamosi asubuhi, nitakutumia namba yake. Kuna mfuko wa kulalia, ndizi mshale za mtori na parachichi chache ambazo bado hazijaiva. Huo mfuko nimeukata kwa kukisia, kwa hiyo mpime Baraka kuanzia begani hadi kisigino unitumie, wa pili niukate sawasawa. Shingo ikimlegea usimvalishe, nirudishie niibane.

Msalimie Baba Baraka.

Mimi baba yako.