Mwaguzi aliyetaka kurudi kwake

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nimjibu msomaji aliyeandika wiki iliyopita kwamba tanzia jukwaani hainogi mpaka wahusika wagombane kwa sauti za kupasua masikio. Mimi kwa miaka mingi nilikaa pembeni ya jukwaa na mswada mkononi, kazi yangu kuwanong'oneza waigizaji mistari ikiwatoroka. Kelele nimezisikia za kutosha. Nyingi ziliwapa watazamaji wasaa wa kukohoa.

Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, anasema Aeschylus, mtunzi wa tanzia, ndiye aliyeongeza mwigizaji wa pili. Kabla yake alikuwa mmoja tu na kwaya. Mtunzi mwenzake, Sophocles, akaleta wa tatu. Sasa watu wakaweza kukabiliana, na la maana zaidi, kufichana jambo.

Mchukue mfalme Oedipus katika tanzia ya huyo Sophocles. Anamwita mwaguzi kipofu, Tiresias, amtajie aliyemuua Laius, mfalme aliyemtangulia. Mzee anafika, na mara anaomba aachwe arudi kwake. Hatukani, habishi, hataki tu kusema. Mfalme anabembeleza, anafoka, mwisho anamsingizia mzee wa watu kwamba na yeye alikuwa na mkono katika mauaji. Ndipo kipofu anapolitoa: muuaji unayemtafuta ni wewe. Tazama nani kamsukuma nani! Mfalme kaling'oa mwenyewe neno la kummaliza, huku sisi tuliojua kisa tunatamani kumziba mdomo. Baadaye mkewe Jocasta naye anamsihi aache kuulizauliza. Wapi!

Sasa niungame. Usiku mmoja, katika tamthilia hiyohiyo, kijana aliyeigiza Tiresias alifika palepale, kabla ya neno lile, akanyamaza. Nikahesabu moyoni: moja, mbili, tatu, nne. Ukumbi mzima kimya, hata kiti hakikulia. Mfalme kamwinamia, pumzi zinampanda. Tano. Nikajua huyu kasahau, nikamnong'oneza mstari, tena kwa haraka iliyokosa adabu. Safu ya mbele wakasikia, mtu mmoja akacheka, na wengine wakamfuata.

Hakuwa amesahau. Aligeuza uso polepole, yule kipofu, akanikazia macho mimi hapo nilipojibanza na mswada wangu.

Mnong'onezaji mstaafu