Wapenzi wako usiwahamishie Masaki

Kibosho, Moshi
Jumapili jioni

Mpendwa Mama Baraka,

Bwana asifiwe. Sisi huku tu wazima. Mvua za vuli zimeanza kudondoka usiku usiku, na kahawa za sehemu za juu bado zinachumwa. Furaha anakuamkia, na mama anauliza kama yule ndama wenu alinusurika.

Mswada wa riwaya yako ya mapenzi nimeusoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa kwenye Noah nikitoka mjini, nikapitilizwa kituo bila kujua. Nilikuwa nimezama pale binti na kijana wanapolibeba tenga la nyanya kutoka shambani hadi barabarani. Kila mmoja ameshika upande wake, inabidi waende hatua moja, maana mmoja akikaza mwendo nyanya zinamwagika. Hawasemezani neno lolote njia nzima. Walipolitua, binti akabaki anatazama alama nyekundu ya ukindu kwenye kiganja chake, na kijana naye anatazama ya kwake. Mama Baraka, nilifunga makaratasi nikavuta pumzi.

Halafu nikafungua sura ya nne nikawakuta Masaki, kule kwa matajiri wa Dar. Wako ghorofani, wanakunywa mvinyo, binti ameshabadilishiwa hata jina. Nilisikitika kama mtu aliyeamka asubuhi akakuta majirani wamehama usiku bila kuaga.

Umeniandikia kwamba kuna mtu anayejua mambo ya vitabu amekuambia wasomaji hawataki mapenzi yenye harufu ya samadi. Naomba unisikilize na mimi. Warudishe shambani, kwenu Engare Nanyuki.

Mjini watu wakishindwana, mmoja anabeba begi anahama chumba. Shambani wapenzi wana ardhi katikati yao, na ardhi ina baba, ina kaka, ina mpaka wa masale, ile mimea ya kuonyesha mipaka, ina kaburi la babu chini ya migomba. Unajua mila ya huku kwetu: kihamba, yaani shamba la ukoo, kinashuka kwa wana wa kiume, na kitinda mimba ndiye anayebaki na nyumba ya baba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanaume ya kupata ardhi na kuimiliki, lakini binti anayekwenda kuidai mbele ya kaka zake anahitaji moyo wa chuma. Haika wangu, yule wa kitabu cha kwanza, alimpenda Aminieli miaka mitatu kabla hajajua kwamba shamba analolilima Aminieli ndilo shangazi yake alinyang'anywa. Hilo singeweza kuliandika Masaki.

Na tazama kazi zenyewe zinavyosema. Huku kahawa ni ya mwanaume. Ndizi na maziwa ni vya mama. Sasa mwanaume akimpeleka mkewe kwenye mistari ya kahawa akamwambia, "Kuanzia mche huu hadi ule wa mwisho, pesa yake ni yako," amesema neno ambalo "nakupenda" kumi hazilifikii. Mwenye kujua maisha haya atalia akisoma hapo. Asiyejua utamfundisha kwa sura mbili, naye atalia.

Nikuambie sura ya kumenya kahawa niliipata wapi, maana hujawahi kuniuliza. Kahawa iliyochumwa leo inamenywa leo, hata kama ni saa nne usiku. Mmoja anazungusha mpini wa mashine, mwingine anamimina matunda na maji. Buni zinatoka na ute wake, zinateleza, mikono inanata hadi kwenye viwiko, na maganda mekundu yanajaa miguuni. Mama aliniambia kwamba mwaka aliochumbiwa, baba alikuja kuwasaidia kumenya kwao, na kila debe lilipokaribia kwisha, alipunguza kuzungusha. Bibi akadhani kijana amechoka, akamletea mtori. Mama peke yake ndiye aliyejua kwamba hakuchoka. Miaka arobaini baadaye, anaposimulia, bado mkono wake unauigiza ule mpini, unakwenda taratibu, taratibu. Nilichofanya mimi ni kuuandika ule mkono.

Wewe una zaidi ya hapo. Bibi yako alikuwa msichana mwaka 1951, Wakoloni walipowafukuza Wameru Engare Nanyuki, nyumba zikachomwa moto, ng'ombe wakaswagwa. Mwaka 1952 Kirilo Japhet akaenda hadi New York kuwasemea mbele ya Umoja wa Mataifa. Historia hiyo watu wanaisoma kama kesi ya ardhi. Nani amewahi kuuliza, kati ya wale vijana waliotawanyika, nani alikuwa ameahidiana na nani? Bibi yako si alikuambia? Ule mstari wako mmoja, kwamba alihesabu moshi wa nyumba hadi akaufikia wa kwao yule kijana, ndio mzizi wa riwaya nzima. Umeuficha kwenye sura ya pili katikati ya aya. Utoe nje.

Na kantangaze! Mdudu aliingia kwenye nyanya zenu mwaka 2014, akatafuna majani na matunda hadi mtu akatamani kuacha kilimo, na watu wakampa jina ambalo ni sentensi kamili ya mapenzi na aibu: nenda kanitangaze. Binti amebeba mimba, shamba limeingiliwa, kijana anazunguka na bomba la solo mgongoni anapuliza dawa isiyosaidia, na kila mtu kijijini anatamka neno hilo kutwa nzima. Sidhani kama kuna mwandishi wa mjini mwenye zawadi kama hiyo mezani kwake.

Jambo moja tu la kukukosoa. Barua za kijana zina "ua la moyo wangu" na "malaika wangu" nyingi mno. Kijana anayeamka saa kumi kufungulia maji ya mfereji haongei hivyo. Mwache aseme, "Zamu yangu ya maji leo nimeielekeza kwenu." Inatosha.

Msomee pia mtu anayelima. Mimi nawasomea akina mama wa VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, baada ya kuhesabu hisa, nao ndio waliogundua kwamba kwenye ukurasa mmoja niliweka maua ya kahawa yakichanua, na mwezi mmoja baadaye wapenzi wangu wanayachuma yakiwa matunda mabivu. Toka ua hadi tunda jekundu ni kama miezi minane au tisa. Nilipokaa na masahihisho yao nikaona ndiyo muda wa mimba, na riwaya ya pili yote nimeipanga juu ya kipimo hicho: inafunguka mvua imeshuka, kihamba chote cheupe kinanukia, na maua yatapukutika baada ya siku chache, inafungwa siku ya mchumo wa kwanza.

Sasa kuhusu kuchapa kwa pesa yako. Usiogope, ila usikurupuke. Mimi niliuza mtamba, nikachapa nakala 300. ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu, inatolewa na Maktaba ya Taifa, na kazi yenyewe iandikishe COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Hayo mawili fanya kabla mswada haujagusa mashine ya mtu. Kurasa nazo zina hesabu yake. Karatasi kubwa hukunjwa ikatoa kurasa 16, kwa hiyo kitabu changu cha kurasa 196 kilizidi kurasa nne, na nne hizo zingenila karatasi bure. Nikazipunguza hadi 192. Niliondoa sherehe ya harusi. Wasomaji hawajaiulizia hata siku moja, wanachoniuliza ni kama shangazi alirudishiwa shamba.

Machungu yangu yalikuwa kwenye nakala zenyewe. Mchapaji aliniambia nisihangaike na kopi ya mfano, kazi itatoka safi. Nilipofungua boksi la kwanza, nafasi ya ndani ya kurasa ilikuwa finyu kiasi kwamba gundi ya mgongo imemeza mwanzo na mwisho wa mistari. Ili usome ilibidi ukibane kitabu kwa dole gumba mpaka kipasuke. Nakala 60 zilikuwa hivyo. Nilikaa sakafuni nikalia, Mama Baraka, maana nilimwona mtamba wangu pale. Mchapaji alikubali kurudia nusu ya nakala hizo baada ya mvutano wa wiki tatu. Wewe usilipe hata shilingi ya mwisho kabla hujashika kopi moja mkononi, ukaifungua katikati, ukaisoma taa ikiwa hafifu.

Nakala moja ilinigharimu 4,500, nikauza 10,000. Duka la vitabu linabakiza 2,500 yake, kwa hiyo ukitegemea maduka peke yake utachoka. Mimi sura tatu za kwanza nilizituma WhatsApp bure, moja kila Ijumaa, na anayetaka kitabu analipa kwa M-Pesa, namtumia kwa basi. Waliobaki walinunua Desemba, Wachaga waliporudi nyumbani. Mtu aliyekaa Mwanza au Dar mwaka mzima, akifika kwao na kukuta kitabu chenye kihamba, mfereji na jani la isale, habishani bei. Mzee mmoja alinunua vitatu baada ya ibada. Alisema kuna mtu anataka kumpelekea badala ya isale, kwa sababu kwenye kitabu Aminieli alileta lile jani kuomba msamaha na Haika akalipokea. Sikumuuliza ni nani.

Kwa hiyo Krismasi hii usiikimbilie. Maliza kuandika, chapa mwakani ukiwa umetulia.

Jumamosi nakuja. Nitapanda Coaster ya asubuhi, nitashuka Tengeru sokoni, tukutane upande wa wauza ndizi. Nakuletea mbegu ya mahindi uliyoomba na kitabu changu kimoja kati ya vile vilivyomezwa mistari, ukione mwenyewe. Wewe niletee lile daftari la kwanza, la jalada la kijani, ulilokuwa ukiandikia shambani, lenye madoa ya utomvu wa nyanya. Usiniambie umelichoma. Nataka nilisome tena mbele yako kuanzia kwenye lile tenga, kisha uniambie walipofika barabarani nani alikuwa wa kwanza kufungua mdomo.

Msalimie Baba Baraka na bibi. Bibi mwambie namwomba nafasi ya kukaa naye, kama atapenda kusimulia.

Rafiki yako,
Mama Furaha