Kwa swahiba anayetaka kuandika habari za chopa

Nairobi

Kwako swahiba wangu,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi hatujambo, watoto wamefunga shule na nyumba haikaliki kwa kelele. Mama hapo Mombasa mwambie namkumbuka sana.

Barua yako nimeisoma nikairudia. Unasema dawati la siasa limekuchosha, unataka kuacha mshahara uwe mwandishi wa kujitegemea, uandike habari za helikopta na ndege za kukodi kama mimi. Sikukatazi. Ila niahidi jambo moja: uanze na fundi. Rubani utampata tu, marubani wanapenda kuongea, na mwenye ndege atakutafuta mwenyewe akiwa na la kutangaza. Fundi hakutafuti, na ndiye atakayekufunza kazi.

Nenda uwanja wa ndege wa Wilson hapa Nairobi alfajiri utamkuta amechuchumaa chini ya tangi, anakinga mafuta kidogo kwenye chupa angavu, kisha anaiinua kwenye mwanga. Anatafuta maji. Maji ni mazito kuliko mafuta, kwa hiyo yakiwemo yatakuwa yametuama chini ya chupa. Halafu hupanda juu na kupitisha kidole kwenye ukingo wa mbele wa panga, lile bawa linalozunguka juu ya chopa, polepole, toka shinani hadi nchani, akihisi pale vumbi lilipokwangua. Mimi niliandika habari za kampeni miaka na miaka bila kujua kwamba kila chopa inapotua kwenye kiwanja cha shule chenye vumbi, mchanga unayala mapanga na mwingine unaingia injini. Wananchi wanashangilia, na bili inamngoja fundi. Hilo hulikuti kwenye taarifa yoyote ya kampuni.

Kisha ujifunze hewa. Wewe umezoea usawa wa bahari. Wilson iko juu zaidi ya futi 5,500, Eldoret inakaribia 7,000. Hewa ya juu ni nyepesi, na jua likiwaka inazidi kuwa nyepesi, mapanga yanakosa cha kushika. Chopa iliyoinuka na abiria watano Mombasa bila taabu, huku huenda mtu mmoja ashuke au mafuta yapunguzwe. Mheshimiwa hataki kusikia hivyo, na mlinzi wake hataki kuachwa. Rubani anayejua kusema "hapana" wakati huo ni mtu wa kuheshimiwa, na nakuomba uandike habari zake hata kama hakuna kilichoanguka.

Wasiokubali hilo watakutajia Didier Delsalle, yule Mfaransa aliyetua kileleni Everest Mei 14, 2005 akiwa na AS350 B3. Ni kweli, alitua. Tena ni jamii ileile ya chopa unayoiona kila kampeni, siku hizi inaitwa H125. Lakini Delsalle alikuwa rubani wa majaribio wa kiwanda chenyewe, yuko peke yake, na vitu visivyohitajika vilikuwa vimeondolewa ndani kupunguza uzito. Kwa hiyo kila habari ya chopa, swali lako la kwanza liwe uzito.

Ajali nazo zitakuja. Unakumbuka Juni 10, 2012, chopa ya polisi ilipoanguka Ngong na watu sita wakafa, waziri wa usalama wa ndani Profesa Saitoti na naibu wake Orwa Ojodeh wakiwemo. Unakumbuka pia Aprili 18, 2024, mkuu wa majeshi Jenerali Ogolla na wenzake tisa walipokufa kwa ajali ya chopa kule Elgeyo Marakwet. Siku kama hizo simu haipoi. Kila mhariri anataka sababu kabla ya taarifa ya habari ya saa moja usiku. Usiitoe, kwa sababu huna. Soma Kiambatisho cha 13 cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, mpaka ukielewe: uchunguzi unafanywa ili ajali nyingine isitokee, haufanywi kumtafuta wa kulaumiwa, na ripoti ya awali inatarajiwa ndani ya siku 30. Hapo katikati andika unachokijua: aina ya ndege, mahali, hali ya hewa. Rubani aliyekufa hawezi kujitetea, na ana watoto wanaosoma magazeti. Mimi hili linanigusa sana, na ndilo lililonifanya nibaki kwenye kazi hii.

Ndege za matajiri hazina mengi ya kuandika. Njia za Wilson ni fupi, kwa hiyo jeti kubwa za safari ndefu zinatua JKIA, uwanja mkuu wa Nairobi, na huko utaona mlango tu. Pale Wilson utaona King Air, Caravan, PC-12, ndege za kazi. Madaktari wa AMREF, shirika la afya, wanaruka kutoka hapo kufuata wagonjwa. Shirika lao lilianzishwa mwaka 1957. Mwaka 2020 nzige walipovamia kaskazini, ndege na chopa ndizo zilizowasaka. Habari hizo zina uhai kuliko viti vya ngozi.

Pesa? Majarida ya ng'ambo hulipa, ila mengine hulipa baada ya kuchapa, na kuchapa huweza kuchukua miezi. Weka akiba ya kodi ya nyumba kabla hujaandika barua ya kuacha kazi. Watengenezaji wa ndege nao watakualika kwenye maonyesho, tuseme Las Vegas, tiketi na hoteli juu yao. Nenda ukitaka, mimi nimekwenda, lakini mwambie msomaji nani alilipa, na usikubali wasome makala yako kabla haijatoka.

Omba likizo fupi uje kwanza. Nitakupeleka kwa fundi mmoja ninayemwamini, mkali lakini ana moyo wa kufundisha. Vaa viatu vya kufunika, kofia uiache nyumbani kwa sababu upepo wa mapanga utaichukua, na chopa usiiendee kwa nyuma hata kama umeitwa.

Nijulishe siku ya kufika.

Wasalaam,
Rafikiyo