Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Uwezo wa Kazi kwa Macho ya Mgonjwa Mwenyewe

Ndugu wanachama,

Ada na hesabu ataziwasilisha mweka hazina. Taarifa yangu inahusu kazi iliyotushughulisha zaidi mwaka huu katika kliniki za utengamao: kupima jinsi mgonjwa aliyeumia mgongo kazini anavyouona mwenyewe uwezo wake wa kazi za nguvu.

Dodoso letu ni Spinal Function Sort, lililotungwa Marekani na Leonard na Mary Matheson mwaka 1989. Lina michoro 50 ya kazi. Mgonjwa anazungushia 1 akijiona anaweza, hadi 5 akijiona hawezi kabisa. Jibu la 1 lina alama 4, la 5 halina kitu, kwa hiyo jumla ya juu ni 200. Toleo fupi lililotengenezwa Uswisi lina michoro 20, jumla 80. Andikeni toleo kwenye faili kila mara: 60 katika toleo fupi ni alama nzuri, katika toleo refu ni ya mtu anayeona kazi nyingi zimemshinda.

Makosa mengi yanaanzia kwenye swali lenyewe. Mama akiulizwa kuhusu ndoo ya maji ya lita 20 hujibu anaweza, kumbe anawazia kutwishwa. Mwambieni wazi: kuinyanyua peke yako, kutoka sakafuni hadi mezani. Neno “unaweza” nalo wengine hulisikia kama “unaruhusiwa”, wakajibu kwa kufuata katazo la daktari. Ulizeni hivi: “Kwa mwili wako ulivyo leo, ungeimudu?”

Uzito katika dodoso la asili uko kwa pauni. Pauni 50 ni kilo 23 hivi, zaidi kidogo ya ndoo hiyo. Pauni 100 ni kilo 45, pungufu ya mfuko mmoja wa saruji! Kwa madaraja ya kazi ya Marekani, kibarua anayebeba mifuko ya kilo 50 yuko daraja la “nzito sana”, hata kama barua ya mwajiri imemwita msaidizi tu. Linganisheni alama na mzigo halisi anaoubeba, si jina la cheo.

Dodoso lijazwe kabla ya jaribio la kunyanyua. Likija baadaye, mgonjwa atajibu kwa maumivu ya asubuhi ile. Asikae naye ndugu wala msimamizi wake. Akiweka alama ya kuuliza, yaani hajui kama anaweza, msimjazie.

Kisha wekeni majibu kando ya jaribio. Aliyesema kilo 10 zinamshinda, akanyanyua 20 mgongo ukiwa umetulia, huenda ana hofu. Apandishiwe mzigo kidogo kidogo huku akiona kilo zinavyosomeka kwenye mizani. Aliyejisifu kisha akaanza kupinda kiuno kwenye kilo 15 ndiye wa kumwangalia zaidi, maana huyo anaweza kurudi kazini na kuumia upya. Lakini alama ndogo peke yake si ushahidi wa kudanganya, na naomba asiwepo mwanachama atakayeiandika hivyo kwenye ripoti ya fidia. Mtu ananyimwa haki yake kwa sentensi moja ya namna hiyo.

Kwa mkutano ujao, kila kituo kilete orodha ya michoro iliyowekewa alama ya kuuliza mara nyingi, ili tujue ipi ya kuchorwa upya kwa ndoo, magunia na mikokoteni ya kwetu.