Barua ya wazi kwa mkubwa wetu wa afya hapa Lubumbashi: mazutu (dizeli) tu, Mheshimiwa

Mheshimiwa,

Jambo sana na heshima zote. Jina lako siliandiki, hospitali pia siitaji, wewe mwenyewe unajijua. Ni wewe ulikuja na shati jeupe ukakata utepe mbele ya jenereta, bamama tukapiga vigelegele, ukasema hapa giza halitaingia tena. Basi Ijumaa iliyopita limeingia, na mimi nilikuwa ndani.

Mimi ni mwalimu, miaka 54, nakaa Katuba. Niko na mieloma, kansa ya ndani ya uboho. Ilianza na mgongo, nikadhani ni uzee na kusimama kwa ubao, kumbe mifupa ilikuwa inaliwa. Mwaka jana tuliuza lupango, kiwanja chetu, kaka zangu wakatoa likelemba yao, pesa ya mchango wa zamu, nikaenda India kwa grefu, yaani kupandikizwa seli shina, zile zinazozaa damu. Watu wananiuliza walikukata wapi, hapana, hakuna kisu. Walinichoma sindano siku kadhaa ili seli zitoke kwenye uboho ziingie kwenye damu, mashine ikazichuja, wakazigandisha, halafu wakanipa shimio moja kali, dawa ya kansa inayoitwa melfalani, ya kuua uboho. Wakati inaingia nilitafuna barafu ili mdomo usitoke vidonda, nilitafuna mpaka meno yakakataa. Kesho kutwa yake wakanirudishia seli zangu mwenyewe, kamfuko kadogo kekundu, binti yangu akasema mama unanuka kitunguu saumu, ni ile dawa inayolinda seli kwenye baridi. Halafu unangoja. Kila asubuhi wanaandika globuli nyeupe, chembe za damu zinazopigana na vijidudu, kwa ubao, wanahesabu kwa maelfu: 0.1, 0.1, 0.1, siku ya kumi na mbili 0.6, nikalia.

Nakueleza haya yote kwa sababu naona mnafikiri mgonjwa akitoka India ni kama mtu aliyeng'olewa jino. Chanjo zangu za utoto zimefutika, nilipanga foleni na bamama wenye vichanga, infirmiye, muuguzi, akaniuliza mjukuu yuko wapi! Na kila usiku nameza kidonge cha lenalidomidi ili ugonjwa usirudi, nayo inaangusha globuli. Kule waliniambia mara mia: joto likifika 38 usingoje asubuhi, upimwe damu, upewe antibiotiki mbio.

Sasa Ijumaa. Saa tano usiku nilifika na 38.6, natetemeka mpaka benchi inalia. Umeme hakuna tangu saa mbili. Jenereta yako ipo, rangi bado inang'aa, tanki kavu. Docta wa zamu, kijana mpole tu, akasoma karatasi yangu ya India na tochi ya simu, akasema Mama Mwalimu, bila kuona globuli sijui nikupe antibiotiki ile kali ama nikutibu malaria. Mashine ya kuhesabu iko pale imefunikwa kitambaa, inangoja umeme kama sisi. Kijana wangu akapanda pikipiki kutafuta mazutu usiku ule, akarudi na bido, dumu la lita 20, na hela ilikuwa ya kipimo changu cha mwezi huu. Serumu, dripu ya antibiotiki, ilianza saa tisa na nusu. Hesabu mwenyewe. Nutrofili, zile globuli nyeupe za mstari wa mbele, zilikuwa 400, chini sana. Na kitanda cha pili kulikuwa na mtoto wa mtu anangoja oksijeni, hapo sitaandika zaidi.

Mazutu ilienda wapi? Wengine wanasema inatoka na bido nyuma ya ukuta, mimi sijaona. Wengine wanasema pesa yake haijashuka kutoka juu, sijui juu ni wapi, labda ni kwako. Waya wa umeme wa bwawa la Inga unafika Kolwezi tangu miaka ya themanini, kilomita 1,700 hivi, malori ya shaba na kobalti yanapanga foleni Kasumbalesa, mpakani na Zambia, usiku na mchana, betri za wazungu zinajaa, na sisi hapa docta anasoma karatasi ya kansa na tochi ya simu. Haya, labda nakosea, mimi ni mwalimu wa darasa la tano tu.

Wenzetu wa Tanzania, pale Muhimbili, wameanza hii grefu tangu 2021. Mheshimiwa sikuombi hiyo. Sikuombi mashine ya kuchuja seli, sikuombi naitrojeni ya kugandishia, wala tiketi ya ndege. Hata ile kamati uliyotuahidi siku ya utepe usiiunde, kamati haina mazutu. Mimi naomba tanki lijazwe. Mazutu tu. Na mtu wa kuandika kwa daftari imeingia lini, imetoka lini, nani amesaini.

Risiti ya lita 20 niko nayo, sikuidai. Jumatatu saa moja asubuhi nina kipimo kingine pale pale, kijana wangu ameshaniuliza kama abebe bido. Nimemwambia aioshe aiweke karibu na mlango.

Mama Mwalimu wa Katuba