Chumba cha mama, nahitaji msaada wako

Shoga yangu Zuhura,

Assalaam aleikum, za huko Unguja, shemeji na watoto hawajambo? Huku Dar sote wazima, joto tu. Najua nimekaa kimya muda mrefu, utaninunia tukionana, sa hivi nina shida na wewe na shida yenyewe ni chumba cha mama.

Mama anakuja kukaa na sisi moja kwa moja. Katolewa mtoto wa jicho, jicho moja tayari la pili bado, na kumwacha Tanga peke yake wote tumekataa. Kile chumba cha nyuma cha Salim nimeshakipiga rangi, kitanda kimeingia, kabati limeingia, nimebaki na vile vidude vya mwisho na ndo vinanitoa jasho, mana kitanda ni kitanda tu, ila hivi vingine, taa, mkeka, picha, vitambaa, ndo vitamfanya ajue hapa ni kwake au kaletwa ugenini.

Wifi anataka kijivu. Pazia kijivu, mito kijivu, kapeti la manyoya kijivu na ile picha ya mnara wa Paris ukutani, eti ndo vyumba vya sa hivi. Kwake vimependeza, sikatai. Lakini fikiria mtu macho mazito, sakafu tailizi, kapeti ncha zimejikunja, usiku anaamka kwenda chooni, si ataanguka jamani? Kapeti nimekataa na hapo sirudi nyuma.

Ndo nikakukumbuka. Nataka mkeka wa ukili, wa Pemba, wenye zambarau na kijani, pamoja na msala. Wa plastiki usichukue hata muuzaji akiapa, mama kasuka ukili ujana wake wote, ataupapasa tu atajua. Tena ugeuze uangalie chini pale ukili ulipoungwa, uzi ukiwa umeachana achana uache hapo hapo. Futi 4 kwa 6 inatosha, ukae kati ya kitanda na dirisha, usifike njia ya mlangoni.

Taa nimehangaika nayo sana. Glopu iliyokuwepo ni ile nyeupe kali, boksi limeandikwa 6500K, mama anasema mwanga wa namna ile unamchoma. Juu nimeweka ya 3000K, ina unjano kidogo, alaf nimemnunulia taa ya mezani ya pembeni ya kitanda, swichi iko kwenye waya, akipapasa anaipata. Watu wanadhani macho yakichoka unapunguza mwanga, kumbe mtu mzima anahitaji mwanga mwingi zaidi, ila usimpige usoni.

Picha nimechukua tingatinga kule Oysterbay, ndege kanga wawili wenye madoa, yaani utaipenda. Sasa zile rangi zinang'aa, tangu mzee Edward Tingatinga mwenyewe alipoanza 1968 na ubao wa dari na rangi ya baiskeli ndo zilivyo, ukiitundika kuelekea dirisha unaona dirisha tu, kanga huwaoni. Nikaihamishia ukuta wa pembeni na nikaishusha, mana mama muda mwingi atakuwa amekaa, picha iwe usawa wa macho ya aliyekaa, sio ya fundi aliyesimama na nyundo.

Pazia sitaki hata kuongea, fundi kakata fupi, linaishia kiganja kizima juu ya sakafu, nimemrudishia aongeze pindo la kitenge. Mito nimeshonesha kwa kanga ile ya Nani kama mama, nikamsimamia mpaka jina likakaa katikati ya mto bila kukatwa herufi.

Halafu vile vitambaa vyake vyeupe vya kufuma, unavikumbuka, vya kwenye makochi pale Ngamiani. Nimevifua na kuvipiga pasi. Wifi kaviangalia akanyamaza. Mimi naona kimoja kwenye stuli na kimoja juu ya redio vinatosha, vyote vikitoka chumba kitakuwa duka, lakini mama akiuliza vingine viko wapi nitamjibu nini? Hapo ndo nimekwama, na wewe unamjua mama.

Basi niambie, mkeka kama huo Darajani sa hivi shilingi ngapi? Au ni bora kumwagiza mama Twaha moja kwa moja Pemba, bado anashona? Una mtu wa kuaminika wa kuuleta kwa boti, mana ukikunjwa vibaya utavunjika? Hela nitume kwa simu leo leo? Msala nao wa rangi au mweupe, mama anapenda upi, ulishawahi kumsikia? Na wewe unakuja lini, kabla ya jicho la pili au baada? Nijibu haraka tafadhali, mama anafika mwisho wa mwezi.

Nduguyo,
Mwanaidi